Marlys Tjaden Anunua Bunduki

Ikumbukwe na vizazi vyote, waliozaliwa na walio matumboni, wenye meno na walioacha meno yao kwenye glasi ya maji: mwaka 1996, wiki tatu kabla ya msimu wa kulungu, Marlys Tjaden, mjane wa Orval, mkazi wa Harken huku Iowa ya kusini, mchoma shingo wa kiwanda cha nguruwe, aliingia dukani kwa Harlan Boeke kuchagua bunduki ya marisau ya kukoki kwa mkono. Kengele za kanisa hazikupigwa. Bendera ya posta haikushushwa. Lakini kufikia saa sita mchana wanaume kumi na wanne walikuwa wameacha kazi zao waje kumfundisha namna ya kuchagua, na watatu kati yao hawakuwa na bunduki hata moja.

Tumtazame kwanza mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, mpana, shingo imezama mabegani kana kwamba mtu aliipigilia kwa nyundo. Miaka ishirini na miwili alisimama mahali pamoja kiwandani, nguruwe wakimjia wakining'inia kwa mguu mmoja, naye anawachoma chini ya taya kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika sikio. Mia nne kwa saa. Mkono wa kulia kiwanda kilikuwa kimeshauharibu. Vidole vitatu vilikufa ganzi, akavitumia kukorogea uji wa moto maana havisikii kuungua. Jumapili alipiga kinanda kanisani kwa vidole hivyo hivyo, na Mchungaji hakuwahi kuuliza mbona wimbo wa Pasaka una damu chini ya kucha.

Sasa, kundi letu la kuwinda. Tulikuwa tisa, na sheria zetu zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Huku bunduki za masafa marefu haziruhusiwi kwa kulungu. Nchi ni tambarare, na risasi ikimkosa kulungu hapa inaweza kumuua mwalimu wa hesabu wilaya ya pili. Kwa hiyo ni bunduki ya marisau tu, na badala ya marisau unatia donge moja la risasi, zito kama kidole gumba. Watano wanafurusha, yaani wanapita vichakani na kwenye mabua ya mahindi wakipiga kelele kama walevi. Wanne wanavizia mbele. Anayefurusha anapata mafua na miiba ya makalio. Anayevizia anapata kulungu, halafu anapata hadithi.

Marlys alifurusha miaka ishirini na tisa, mikono mitupu. Orval mumewe alivizia miaka yote hiyo Langoni. Lango ni pengo kwenye ua wa seng'enge, pale kijito kinapopita, na kila kulungu mwenye akili hupita hapo, na wasio na akili huwafuata. Hakuna kituo kama hicho wilaya nzima. Kipofu angeua hapo, na Orval, Mungu amrehemu, alikuwa karibu kuwa kipofu.

Mwezi wa saba Orval akafa juu ya kiti cha trekta. Trekta haikuambiwa. Ilikata majani nusu ekari nyingine naye akiwa marehemu, na wapo wanaosema ndiyo mistari minyoofu kuliko yote aliyowahi kukata. Siku ya mazishi, kabla saladi ya viazi haijaisha kwenye sinia, mdogo wake Gaylen alibeba bunduki ya marehemu akaiweka kwenye gari lake. "Kwa usalama," alisema. Usalama wa nani hakusema.

Mwezi wa kumi na moja tukakutana kwenye banda la mitambo la Wendell Kruckman, mwenye shamba na mkuu wa kundi, mzee wa miaka sabini na minne aliyesema kila kitu kama anasoma wosia. Ukutani nyuma yake vilining'inia vipande vya mashati, mikia ya mashati, yaani ncha zake za chini, sabini na kitu, kila kimoja kimepigiliwa msumari na kuandikwa jina na mwaka. Ukimkosa kulungu, unakatwa mkia wa shati mbele ya watu, na mkia huo unakaa pale ukutani mpaka siku ya kiyama. Wendell alikuwa navyo kumi na moja. Orval alikuwa navyo ishirini na sita. Gaylen hakuwa na hata kimoja, si kwa shabaha, bali kwa sababu hajawahi kukubali kwamba amekosa. Kila mara kulungu wake "amejeruhiwa na kukimbilia mtoni."

"Lango," Wendell alisema, "limebaki wazi."

"Ni la damu," Gaylen alisema. "Kaka yangu alikuwa nalo, mimi ni mdogo wake."

"Nalitaka mimi," Marlys alisema kutoka kule kwenye meza ya mayai ya siki.

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Kwa sababu gani, Marlys?" Wendell akauliza.

"Nimewaletea kulungu miaka ishirini na tisa. Nataka na mimi niletewe."

"Shemeji," Gaylen alisema, kwa ile sauti ya kumtuliza farasi, "pale panahitaji mtu mwenye bunduki."

"Bunduki yangu iko kwako, shemeji."

Gaylen akatazama viatu vyake. Viatu havikumsaidia. "Ile... nilibadilishana kwa Harlan. Nikaongezea kidogo nikachukua inayojikoki yenyewe. Ile ya Orval ilikuwa imechoka."

Marlys aliweka chini sahani ya mayai, akafuta mkono wa kushoto kwenye suruali, akatembea hatua sita, akampiga Gaylen ngumi ya pua. Haikuwa ngumi ya hasira. Ilikuwa ya kazini. Pua ilitoa sauti ya bua kavu likikanyagwa, damu ikashuka mpaka kwenye bakuli la chipsi, na Gaylen akaketi juu ya pipa la mafuta bila kukusudia.

"Hoja ya pili," Wendell alisema.

Hoja ya pili ikawa uamuzi wake. Siku ya kwanza ya msimu wote wawili wataketi Langoni, mmoja kila upande wa kijito, hatua arobaini kati yao. Atakayemwangusha kulungu wa kwanza, Lango ni lake maisha. Atakayeshindwa atafurusha maisha. Gaylen alikubali kupitia kitambaa alichojibana puani. Marlys alisema, "Basi kesho naenda kwa Harlan."

Ndiyo sababu ya wale wanaume kumi na wanne.

"Dada Marlys," Harlan alianza, akiweka mezani bunduki ya kwanza kama mtu anayelaza mtoto, "hii ni ndogo, nyepesi, inafaa sana akina mama."

Marlys aliinyanyua kwa kidole kimoja. "Nyepesi humpiga teke aliyeishika. Rudisha."

"Haya, hii hapa. Inajikoki yenyewe, ndiyo aliyochukua Gaylen. Risasi tano kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Kwani kulungu ni watano?"

"Si kwamba... ukikosa ya kwanza, unazo nne."

"Anayejua anazo nne ndiye anayekosa ya kwanza. Nataka ya kukoki."

Hapo Duane wa kituo cha petroli akaona zamu yake imefika. Akajisukuma mbele. "Sikiliza mlio, Marlys! Hiyo ndiyo siri ya bunduki ya kukoki. Krr-chak! Mwizi akisikia hivyo tu, anajinyea papo hapo!"

"Kulungu ni mwizi?"

"Hapana, lakini..."

"Kauze petroli, Duane."

Harlan akainama chini ya meza, akatoa bunduki iliyofungwa kwenye blanketi, akafunua. Kitako cha mti wa jozi, herufi O.T. zimechongwa kwa kisu. Wanaume kumi na wanne walivua kofia. Ilikuwa ya Orval.

"Chukua," Harlan alisema. "Sitaki kitu. Sikuweza kuiweka kwenye rafu."

Nitakuwa mkweli, nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa karibu kulia. Marlys aliipachika begani, la kushoto. Akatia maganda matatu ya mazoezi, yasiyo na baruti, akakoki mara tatu. Kila ganda liliruka kutoka ubavu wa kulia likapita mbele ya pua yake, na la tatu likampiga Duane kwenye paji la uso.

"Inatema kulia," alisema. "Mimi napigia kushoto. Inapita mbele ya jicho. Rudisha."

"Marlys," Duane alisema akishika paji lake, "hiyo ni bunduki ya mumeo!"

"Nililala na Orval miaka thelathini. Na bunduki yake alilala nayo yeye."

Mji mzima ulizungumza maneno hayo mpaka Krismasi. Mchungaji aliyatumia kwenye mahubiri, akayaharibu.

Mwishowe Marlys akabakiwa na bunduki mbili. Ya kwanza mpya, inang'aa kama jeneza la tajiri. Ya pili aliichomoa mwenyewe kwenye pipa la mifagio na reki, mahali Harlan alipotupa vitu vya kuuzia watu wa mjini. Kitako kilikuwa na ufa, mtu amekifunga kwa waya wa shaba. Lakini ilitema maganda chini, tumboni, wala haimjali mwenye mkono wa kushoto wala wa kulia. Marlys akazibeba zote mbili, akafungua friza ya aiskrimu, akasukuma maboksi ya vanila pembeni, akazilaza ndani.

"Dada, hiyo ni friza ya watoto!"

"Zilale mpaka kesho. Kiwandani kila chombo kinatembea vizuri kikiwa na joto. Ni chumba cha baridi kinachokwambia ukweli."

Kesho yake alikuja moja kwa moja kutoka zamu, aproni bado ina vipande vya mafuta ya nguruwe. Akaitoa ile mpya, akavuta kwa mkono wa kulia, ule wenye vidole vilivyokufa. Ilijikokota kama uji wa juzi, ikakwama nusu njia. Akaitoa ya waya wa shaba, ina barafu mpaka kwenye mtutu. Akavuta. Krr-chak. Akavuta tena. Krr-chak.

"Ile mpya ina mafuta mengi tu," Harlan alijitetea. "Ukiyafuta inakuwa sawa."

"Na hii aliifuta nani?"

Harlan alifikiri. "Nadhani hakuna aliyewahi kuitia mafuta."

"Naichukua."

Wiki mbili zilizofuata aliua mashine ya kufulia iliyokufa zamani, maboga kumi na tisa yaliyobaki ya Oktoba, na kiti cha Orval cha varandani ambacho hakuwahi kukipenda. Bega likawa rangi ya bilinganya. Kiwandani alichoma nguruwe huku akiuma meno, na wenzake wakadhani ni majonzi ya mjane.

Siku ya kwanza ya msimu ilifika na baridi ya kupasua mawe. Saa moja na nusu asubuhi, theluji hadi vifundoni, sote tumevaa fulana za rangi ya chungwa kama karoti zilizotoroka. Mimi nilikuwa nimeteguka mguu, nikawekwa juu ya trekta ya Wendell kwenye kilima pekee cha shamba, na Lango likawa chini yangu kama sahani. Upande wa mashariki Gaylen, pua bado ina bonge, ile bunduki yake mpya magotini. Upande wa magharibi Marlys juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ukisikia baridi sana nenda tu nyumbani, shemeji!" Gaylen alimpigia kelele. "Hakuna atakayekucheka!"

"Pua yako inapiga filimbi, shemeji. Inafukuza kulungu."

Kisha wafurushaji wakaanza kule kwenye mabua. Hoi! Hoi! Mtu anapiga sufuria, mwingine anaimba wimbo wa kanisa kwa maneno ambayo kanisa halikuyaandika. Kulungu jike wawili wakapita mbali. Halafu akatoka yeye, dume, pembe kama kiti cha enzi kilichopinduliwa, akishuka kijito mbio, maji yanaruka, moja kwa moja kuelekea Langoni.

Gaylen akasimama. Bunduki yake haikumsaliti hata kidogo. Ilifanya kazi yote iliyoahidiwa na tangazo: ilikosa haraka. Ya kwanza ikakata tawi la mti wa jozi. Ya pili ikapasua jiwe la chumvi la ng'ombe wa Wendell. Ya tatu ikaua maji. Ya nne na ya tano ziliondoka kuelekea Missouri, na sijui zilimkuta nani.

Marlys akapiga moja. Bum. Dume likaanguka kifudifudi, kidevu kikalima theluji, miguu ikanyooka. Nikainua kofia yangu kule juu ya trekta.

Lakini tayari Gaylen alikuwa anakimbia. Aliacha bunduki tupu, akavuka kijito maji mpaka magotini, kibali chake cha kuwinda mkononi. Kwetu aliyefunga kibali kwenye pembe za mnyama ndiye mwenye nyama, na Gaylen alilijua hilo kuliko Baba Yetu. Akalikalia dume shingoni, akaanza kufunga uzi.

"Wangu! Nilimwona akitetemeka na ile ya tatu!"

"Shemeji, ondoka hapo," Marlys alisema. Alikuwa anakuja polepole, bunduki imeelekea chini.

"Una wivu!"

"Jicho."

"Jicho gani?"

"Lake. Limepepesa."

Gaylen akatazama chini. Donge la Marlys lilipita juu kidogo tu ya uti wa mgongo, likamzima kulungu kama taa, na sasa taa ilikuwa imewaka. Dume likainuka na mtu juu yake. Kwa muda wa pumzi moja Gaylen alikuwa mpanda farasi hodari kuliko wote magharibi mwa Mto Mississippi. Kisha akatupwa mgongo chini, pembe zikamfuata, zikamsukuma mpaka kwenye seng'enge, zikamkandamiza hapo. Nikasikia seng'enge ikilia kama gitaa la mlevi. Ncha moja iliingia pajani, ikatoka, ikaingia tena kando yake, na suruali yake ikafunguka kama pazia. Alipiga ngumi, akauma sikio la mnyama, naapa akaliuma, manyoya yakamjaa mdomoni. Dume likarudi hatua mbili likamjia tena tumboni, na nguo nene ndizo zilizomwokoa, zikachanika kuanzia kifuani hadi kiunoni, pamba zikaruka juu kama theluji ya pili.

Marlys alikuwa ameshakoki. Ganda tupu lilidondoka kati ya buti zake. Akaingia kati ya miguu ya kulungu na miguu ya shemejiye, kwato zikimpiga mapajani, akashika sikio la mnyama kwa ule mkono wa ganzi, sawasawa kama kazini, na mtutu akauweka chini ya taya.

"Usipige, Marlys! Utaniua mimi!"

"Geuza uso."

"Marlys, kwa jina la..."

"Geuza uso, Gaylen."

Akageuza. Bum. Shingo ilifunguka, na damu yote ya yule mnyama, lita kwa lita, moto, yenye mvuke, ikamwagikia Gaylen kuanzia kofia hadi buti. Dume likamlalia. Kutoka chini yake ikasikika sauti ndogo ikisema, "Ya tatu ndiyo iliyompunguza nguvu."

Wafurushaji walifika wakihema, nami nikateremka kilima nikichechemea, wakamvuta Gaylen kwa mikono. Wendell alikuja wa mwisho kwa fimbo yake, akatazama damu, akatazama uzi wa kibali uliofungwa nusu kwenye pembe, akauliza, "Ni wa nani?"

"Wangu," Gaylen alisema akiwa amelala kwenye theluji nyekundu. "Nilimgusa mwanzo."

"Hesabu matundu, Marlys."

Marlys akageuza ule mzoga upande huu na upande ule, akapitisha vidole kwenye manyoya dhidi ya mwelekeo wake, mkia hadi pembe. "Mgongoni, langu. Shingoni, langu. Basi."

"Ya tatu iliingia mdomoni!" Gaylen alilia.

Marlys akafungua mdomo wa kulungu, akaangalia ndani kwa heshima zote, akafunga. "Meno."

Duane, naye mfurushaji wetu, alikuwa amepiga magoti akitazama paja la Gaylen, na paja lilikuwa linatoa damu kama bomba lililopasuka. "Anahitaji kufungwa. Nani ana kitambaa?"

Wote tukaangalia mahali pamoja, kwa wakati mmoja, kama watu waliofundishwa. Chini ya nguo zilizochanika mkia wa shati la Gaylen ulikuwa unapepea.

"Hapana," Gaylen alisema. "Hapana! Kateni la Duane! Hili ni jipya!"

"Suruali imeshakufa, paja liko njiani, wewe unalilia shati?" Duane akamkalia kifuani. Wawili wakashika mikono. Gaylen akatema mate, akapiga mateke kwa mguu mzima, akamvunja Duane jino la pembeni, na Duane akamjibu kwa kiwiko kwenye ile pua ya zamani. Marlys akachomoa kisu cha kiwandani, akakata shati mzunguko mzima kwa mkono mmoja, akalikaza pajani mpaka damu ikaacha kuja.

"Hospitali wasitupe hicho," Wendell alimwagiza aliyekuwa anaendesha gari. "Wakifua vizuri, wakirudishe. Miaka thelathini nimeacha nafasi ukutani."

Gaylen alipakiwa nyuma ya gari, akiahidi kutuua sote kwa mpangilio wa alfabeti. Mishono kumi na tisa, tuliambiwa baadaye, na daktari alitoa jino la Duane lililokwama kwenye kifungo cha koti.

Tukabaki sisi, theluji iliyochafuka, na yule dume. Wendell akavua kofia. Baridi ilikuwa inauma, lakini akavua, na sisi tukavua. Akaegemea fimbo yake mbele ya Marlys, ambaye alikuwa amepiga magoti nyuma ya kulungu, kisu mkononi tayari kumtumbua, bunduki ya waya wa shaba imelala kwenye theluji kando yake.

"Marlys Tjaden," alisema, na sauti yake ilikuwa ya wosia, "mbele ya mashahidi hawa, na mbele ya Orval ambaye bila shaka anatutazama, kuanzia asubuhi ya leo Lango ni lako, wewe na bunduki yako, mpaka siku utakapochukuliwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa hapo. Hakuna mwanaume aliyewahi kupastahili zaidi. Watakaokuja baada yetu watapita hapa na kusema, hapa ndipo alipoketi. Una neno lolote la kutuambia?"

Tukasubiri. Mtu mmoja akafuta jicho.

"Shika mguu huu, Wendell," Marlys alisema. "Na uvue saa."